Filimbi ya Matundu Manane

Masisi, tarehe 6 Februari 1955

Kaka yangu Polycarpe,

Amani ikukute mzima huko Mpofi, wewe na Hélène na watoto. Sisi tunaamka. Mama anaamka na mguu wake, na mguu unaamka na hasira zake, ila akisikia jina lako anasahau kulalamika na kuanza kukusema kwamba msitu wa Walikale umekumeza. Maharage ya juu ya kilima yamekubali, ya bondeni yameoza kwa mvua. Muhogo tumepanda upya kule mpakani na shamba la mzee Sebarenzi. Emérita ametimiza miaka kumi na mmoja na ni mbishi, amekurithi wewe.

Sasa neno lenyewe. Mwanangu Théophile ameizidi filimbi ya shule. Ile ya mti imevimba kwa mate na unyevu, kipande cha juu hakitoki tena, na noti za chini zinakohoa. Mwalimu Jean-Marie alipanda hadi hapa kwa miguu kuniambia. "Mama Verdiane," akasema, "huyu mutoto amefika mahali ile filimbi haiwezi tena kumufikisha. Mwezi wa saba watu wa shule ya walimu batakuja kumusikiliza yeye peke. Akipita, njo amekuwa mwalimu. Atafute filimbi yake, ya plastike, lakini ya muzuri, haiko ya kuchezea."

Wewe unauza dukani, na tajiri wako hushuka Bukavu kutafuta mali. Mwambie alete. Lakini uchague wewe kwa macho yako, na usidanganywe na rangi. Mwalimu anasema filimbi iwe ya vipande vitatu, isiwe ya kipande kimoja. Itazame mdomoni, isiwe na kovu la kiwandani. Puliza polepole noti ya chini kabisa: ikiitika bila kupiga kelele, ni nzima. Halafu kuna jambo moja ambalo ndilo kubwa. Filimbi hizi ni za namna mbili. Ya kwanza ni rahisi kwa watoto wanaoanza, lakini mtu akiendelea mbele inamsaliti kwenye noti wanayoiita fa diyezi. Ya pili ni ngumu kidogo mwanzoni, na ndiyo tunayoitaka. Utaijua kwa matundu ya mbele: la tano liwe kubwa kuliko la nne. Likiwa dogo, iache.

Théophile amekuchorea karatasi ya kuijaribia. Kila noti ina duara nane, moja ni ya kidole gumba nyuma, saba ni za mbele. Nyeusi maana yake funga, nyeupe maana yake achia. Alikuwa ameandika jina lake kwenye pembe kwa maringo makubwa. Nimelikata kwa kisu. Unajua kwa nini.

Barua hii anakuletea Faustin, dereva wa lori. Mpe chakula, amekonda.

Dada yako anayekungoja,
Verdiane


Mpofi, tarehe 13 Machi 1955

Dada Verdiane,

Nimekusoma na nimecheka. Huku tuko wazima. Hélène anakusalimu, anasema umtumie mbegu ya yale maharage ya juu, kwa sababu huku msituni kila kitu kinaota isipokuwa unachokipanda. Mtoto wa mwisho ameanza kutembea na ameanza kuanguka, vyote siku moja. Mwambie Mama sijamezwa, ni barabara ndiyo imemezwa.

Filimbi zimefika. Tajiri ameleta mbili. Moja ni ya rangi ya asali, kipande kimoja, inang'aa kama kiatu cha padri. Kila anayeingia anaishika hiyo. Nyingine ni nyeusi, ya plastiki ile ngumu wanayoiita bakeliti, vipande vitatu, haina sura. Kwa haki ya Mungu ningechukua ya asali. Lakini nilikumbuka maneno yako, nikapima matundu kwa jicho: kwenye ya asali la tano ni dogo. Kwenye nyeusi la tano ni kubwa. Nikaipuliza nyeusi polepole chini kabisa, ikaitika kama mtu aliyeitwa na mama yake. Basi ni hiyo. Ila mwambie Théophile asiiangushe, bakeliti haiogopi mvua lakini inaogopa sakafu.

Sasa usikasirike. Sijaituma. Karatasi ya Théophile nimeibandika kwa uji wa muhogo ukutani dukani, nyuma ya mizani, na wateja wakipungua nafuata zile duara. Unakumbuka umwironge, ile filimbi ya wachungaji, marehemu shemeji Karangwa alivyonifundisha nikiwa mdogo? Vidole havijasahau. Tayari napata wimbo wake ule wa kurudisha ng'ombe. Watu wanasimama mlangoni na kuniuliza zile alama ukutani ni za nini, nami nawajibu kwamba ni dawa ya wivu. Niachie mpaka Pasaka, halafu itakuja.

Mjomba wa mwanamuziki,
Polycarpe


Masisi, tarehe 27 Machi 1955

Kaka Polycarpe,

Wote wazima. Mama anaendelea. Sina moyo wa kuandika salamu ndefu.

Itoe ile karatasi ukutani. Itoe leo, kabla hujamaliza kusoma mstari huu.

Umesahau mwaka wa arobaini na nne? Wakati ule askari wa serikali walipokuwa wakitafuta watu wa Kitawala, ile dini ya kuwapinga wazungu, kilima kwa kilima, Karangwa alikuwa mtu wa jembe na rozari. Walikuta karatasi ndani ya nyumba yetu. Ilikuwa orodha ya waliotuletea pombe na maharage siku ya ubatizo wa Emérita, tuliandika majina ili nasi turudishe zawadi siku ya shughuli zao, kama watu wote wanavyofanya. Wao wakasema ni orodha ya waasi. Karangwa alicheka, Polycarpe. Alisema, "Hii iko karatasi tu," akawafuata bila koti kwa sababu alijua atarudi kabla ya baridi. Hujaniuliza kwa nini sikuwahi kuuza lile koti.

Na wewe unaweka alama nyeusi na nyeupe ukutani, mbele ya watu wa Walikale, ambako polisi bado wanachungulia ndani ya vyungu. Unawaambia ni dawa. Mimi naogopa. Nimeandika neno hilo nililotaka kulizunguka.

Tuma filimbi kwa Faustin na uchome karatasi.

Verdiane


Walikale, tarehe 15 Mei 1955

Dada,

Nakusalimu. Mimi ni mzima. Niko hapa Walikale kwa kazi fulani, si Mpofi. Hélène na watoto wako nyumbani, nao ni wazima. Salimu Mama, usimwambie kitu.

Ile mali uliyoniagiza bado. Usimtume mtu kuifuata. Ukiniandikia, usiandike jina la mtoto yeyote. Nakuomba sana hilo.

Mvua inanyesha kila siku.

P.


Masisi, tarehe 29 Mei 1955

Kaka yangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Faustin nilimkalisha jikoni, nikamwekea chakula, nikaziba mlango kwa mwili wangu. Alikula, halafu akasema, "Mama, mimi sikuona kitu. Nasikia tu. Banasema Papa Polycarpe iko ku buloko tangu wiki ya Pasaka. Sababu ya ile karatasi."

Basi najua uko gerezani, kwa hiyo barua hii itakungoja kwa Hélène, haitafika huko. Kazi yako fulani naijua.

Nitakuambia nilichofanya, maana nikikaa nacho kitaniozea tumboni. Mtoto alisikia. Alitaka kushuka kwenu kwa miguu, aseme mbele ya mzungu wa Leta, yule mkuu wa serikali, kwamba ni yeye aliyechora. Alikuwa ameshafunga viazi kwenye kitambaa. Nikamwambia daraja limeondoka na maji, hakuna anayepita. Daraja liko, Polycarpe. Nimekutana na mama mmoja aliyetoka huko jana na kuku kichwani. Nilimdanganya mwanangu ili abaki, kwa sababu nilimwona baba yake akitoka bila koti.

Wewe ni mtoto wa mama yangu, nilikubeba mgongoni, na nimekuacha huko ili wangu abaki hapa. Nimeiungama kwa padri, lakini si yeye niliyemkosea.

Pembe ile niliikata mimi. Kama imekudhuru, niambie.

Verdiane


Mpofi, tarehe 20 Juni 1955

Dada yangu Verdiane,

Nimerudi nyumbani. Kaa chini kwanza, soma taratibu. Hélène ni mzima, watoto ni wazima, yule wa mwisho alinikimbia akidhani mimi ni mgeni. Barua hii Faustin ataishona ndani ya turubai la lori. Ukimaliza, itie motoni.

Siku chache kabla ya Pasaka polisi mmoja aliingia kununua chumvi. Akaitazama karatasi mpaka chumvi ikasahaulika. Barua yako ya kunionya ilifika siku tatu baadaye, Hélène aliipokea. Polisi aliniuliza, "Hii iko nini?" Hapo, dada, ningejibu ukweli tungecheka. Lakini nilimwona Karangwa, nikamwona na mtoto wake akichukuliwa, nikasema, "Haiko yangu." Mtu mzima, karatasi iko kwenye ukuta wangu, uji wa muhogo bado uko kwenye kidole changu, nasema si yangu. Woga ni mshauri mbaya na mimi nilimsikiliza.

Akaibandua, akashika pembe. "Kama iko ya masomo," akasema, "juu ya nini bamekata jina?" Akanifunga mikono. Ndiyo, ile pembe ilinidhuru. Umeniuliza, nami siwezi kukudanganya. Lakini kama jina lingekuwepo wangempandia Théophile hukohuko Masisi, na mtoto wa Karangwa nani angemsikiliza? Kwa hiyo usijilaumu kuhusu kisu. Na lile la daraja, ungefanya lingine ningekukasirikia mpaka kufa. Mimi nilikuwa nafanya hilohilo kutoka upande wangu. Waliniuliza mchoraji kila siku, nikawa sina kinywa.

Ya wiki zile nitakuambia siku nyingine, au nisikuambie.

Mwishoni nilichoka nikapata akili. Nikamwambia mzungu wa Leta, "Karatasi iko yangu. Mimi mwenyewe njo niko najifunza filimbi." Akacheka. Polisi akacheka kwa sababu mzungu amecheka. Akauliza filimbi iko wapi, wakamwita Hélène, naye akatembea kutoka Mpofi nayo ndani ya kitenge. Mzungu akaweka karatasi mezani, akasema nipige kilichoandikwa. Nikaanza chini, do, re, mi. Yeye alikuwa anafuata duara kwa kalamu yake, na baadaye akainua kichwa, kwa sababu kila duara ilikuwa inasema kweli. Nikapiga na wimbo wa Karangwa wa kurudisha ng'ombe, wenye ile fa diyezi mara nne. Ikatoka safi. Ningekuwa nimechagua ile ya asali, karatasi na filimbi vingegombana mbele yake, na barua hii usingeipata. Ulisema tundu la tano. Sijui nikushukuru vipi.

Lakini hajaniachia kabisa. Karatasi ameibakiza. Tarehe 21 Julai, sikukuu ya bendera, nitapiga wimbo uleule mbele ya watu wote. Polisi alinisindikiza mlangoni akasema, "Muntu anajua leo, kesho hajui, ule anajua kitu ingine." Na karatasi ya duara ikionekana kwangu mara ya pili, watanipeleka mbali. Hakusema wapi.

Filimbi nyeusi iko mikononi mwa Faustin, imefungwa ndani ya sokisi yangu. Ni ya Théophile, mtihani hauningojei mimi. Usiirudishe, barabara haiaminiki na mwezi ni mfupi. Mimi nimebaki na ile ya asali; mzungu alitaja wimbo, hakutaja filimbi gani. Fa ya kawaida nimeipata. Ile diyezi imenishinda, nimejaribu vidole vyote, inalia kama mbuzi. Nina mwezi mmoja. Naogopa, dada. Usiku na mchana ni mamoja.

Polycarpe


Masisi, tarehe 10 Julai 1955

Kaka yangu mpendwa,

Mama anakusalimu, amekula leo. Mbegu za Hélène nimezitenga. Mvua imekata na kilima kimekuwa na vumbi.

Théophile amepita. Watu wa shule ya walimu walimwambia apige mara ya pili, si kwa kosa, walitaka tu kusikia tena. Mwalimu Jean-Marie alitoka nje akasimama nyuma ya kanisa kufuta miwani. Mtoto ataondoka mwezi wa tisa. Nilipoiona ile sokisi yako nililia, nayo ilinuka.

Barua yako tuliisoma wote wawili kabla sijaichoma. Théophile akashuka kwa mwalimu, ambaye ana kitabu chenye filimbi za namna zote mbili. Alikaa huko mchana mzima. Hakurudi na karatasi yoyote, alirudi na kichwa kimejaa, akaketi karibu nami nikisuka.

Nakutumia kikapu cha maharage, na barua hii Faustin ataishona ndani ya turubai kama ile yako. Maharage wape watoto, kikapu kiwe chako, usikiuze. Kina mistari minane kwenda juu, kama alivyotufundisha Mama, tunahesabu kutoka chini. Nyeusi imekaa mahali pake na nyeupe mahali pake. Kuna safu moja, ya karibu na uzi mwekundu, Théophile alinifumulisha mara mbili mpaka nikamtishia kwa sindano. Ina nyeupe moja tu, imezungukwa na nyeusi. Itazame hiyo vizuri.

Ni kikapu tu. Mtu yeyote anaweza kwenda nacho kwenye sikukuu.

Sijalala tangu nilipokianza. Nikifumba macho naona lile koti.

Dada yako,
Verdiane


Mpofi, tarehe 24 Julai 1955

Dada Verdiane,

Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo, salamu zitafuata nyuma. Hélène mzima, watoto wazima, maharage yameisha.

Kikapu kilipita kizuizi cha Kibua juu ya magunia. Askari wa pale alichukua konzi moja ya maharage akakirudisha. Nilikishika nikakizungusha, nikahesabu kutoka chini. Nyeusi tatu, nyeupe moja, nyeusi nne. Nikaweka vidole hivyohivyo kwenye ya asali, nikapuliza. Mbuzi akanyamaza. Ikatoka fa diyezi, si tamu kama ya nyeusi, lakini ni yenyewe. Hélène alikuwa anapepeta unga, akaketi chini kwenye unga.

Siku ya bendera nilikijaza mayai, nikakiweka juu ya stuli mbele yangu, upande wa uzi mwekundu ukinitazama. Polisi alisimama karibu, ningeweza kunusa mkanda wake. Mzungu wa Leta alikaa kivulini na karatasi yetu gotini. Nilipofika kwenye noti ile ya kwanza akili yote iliondoka, kila nilichojifunza, nikabaki mtupu kabisa. Nikatazama kikapu. Tatu, moja, nne. Mara zote nne nilitazama kikapu. Nilipomaliza watu wa nyuma wakasema wimbo ulikuwa mfupi. Mzungu alikunja karatasi akaitia mfukoni, akaomba bia. Hakuniita.

Nikadhani yamekwisha. Polisi akainama akakiinua kikapu. Akatoa yai moja, akakigeuza, akaweka kidole palepale. "Huyu aliyesuka," akasema, "hapa aliacha nyeupe moja peke. Alikosea?"

Nikasema, "Hapana. Njo vile anasukaka."

"Iko nani?"

Dada, tangu mwaka ule wa Karangwa hakuna mtu wa nyumba yetu aliyetaja jina la mwenzake mbele ya Leta. Nikasema, "Iko dada yangu. Verdiane, wa Masisi."

Akalirudia jina lako polepole ili lisimtoke. Akasema mke wake ametafuta kikapu cha namna hiyo tangu wahamie hapa, wa huku hawasuki hivyo. Anataka umsukie kimoja, Faustin atakuja kukichukua. Anataka kama hikihiki, na ile nyeupe moja usiisahau.

Mdogo wako,
Polycarpe